Kulabu ya Babu Absalom

Haya ninayoandika ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi doa la mafuta lililo mwisho wa ukurasa. Naapa kwa mto unaopita mbele ya nyumba yangu, na kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo zima. Na yeyote atakayenikamata na uongo, hata uwe mdogo kama yai la chawa, na aje kwangu Jumamosi asubuhi. Nitamkandia janikeki, mikate yetu midogo, kwa mikono yangu hii, nizioke mpaka zivimbe na kunukia tui la nazi, nizipasue na kuzipaka siagi, na yeye amekaa kitini kama gavana.

Kwa wasionijua, mimi ni Lindbert Myvett wa Cohune Bank. Nilikuwa mwendesha kivuko. Kabla serikali ya Belize haijatukumbuka na daraja, kila gari, kila ng'ombe na kila bibi harusi aliyetaka kuvuka mto alivushwa na mimi, nikizungusha mkono wa chuma huku waya ukituvuta ng'ambo. Shule niliiacha mapema. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti waliyofungia mikia ya nguruwe dukani. Lakini kusimulia nilijifunza mtoni. Mtu akishapanda kivuko hana pa kukimbilia. Hadithi zangu zote zina urefu wa mto ule: zinaanza ukingo huu, zinakwisha ukingo wa pili. Mto ukifurika, hadithi nazo hurefuka.

Na hadithi iliyovuka mara nyingi kuliko zote ni ya babu yangu mzaa baba, Absalom Myvett, msaka miti.

Sisi wote hapa ni wajukuu wa mahogani. Mababu zetu walikula Krismasi, wakacheza ngoma mpaka viatu vikachanika, kisha wakapanda mitumbwi kwenda kambini, ndani kabisa ya msitu, wasirudi mpaka mwaka ugeuke. Kule kila mtu alikuwa na kazi yake na wenzake wa kazi hiyo. Msaka miti peke yake ndiye aliyekuwa hana mwenzake. Aliondoka na panga kabla hakujapambazuka, akautafuta mti mrefu kupita yote, akapanda mpaka kileleni, akautazama msitu kwa juu kama mtu anayetazama bahari. Majani ya mahogani yakishageuka rangi, yeye huona doa la shaba kule mbali katikati ya kijani kibichi. Anashuka, anapiga njia, anaufikia mti wenyewe bila kupotea. Bila yeye, mashoka hayana kazi na maksai hawana mzigo.

Basi babu yangu alikuwa huyo. Alipanda mti mmoja mrefu hivi kwamba aliondoka chini kidevu kitupu akafika juu na ndevu. Hiyo niliwasimulia hata wakaguzi wa barabara, na mmoja aliandika.

Jirani yangu Alford Banner hakupenda hadithi hizo. Babu yake yeye alikuwa mwendesha maksai, aliyeburuta magogo kwa mwanga wa mienge. Tangu tukiwa na meno ya utoto nimemwita Mkia. "Babu yangu aliona msitu mzima," nilikuwa nikimwambia, "babu yako aliona mkia." Jina likamganda. Hata mkewe, akikasirika, humwita Mkia. Yeye naye akalipiza kwa kuniita Kilele.

Mwaka jana kijiji kikamaliza kujenga ukumbi mpya, ule wa zamani ukiwa umechukuliwa na kimbunga. Kamati ikaamua kila ukoo uchonge ubao wenye jina la mzee wao na kazi aliyoifanya msituni, mbao zote zitundikwe ukutani siku ya ufunguzi. Na juu ya mlango, peke yake, ukae ubao wa msaka miti. Hakuna aliyeuliza ni nani. Nilishaanza kuchonga kabla hawajafunga mkutano.

Wiki hiyo hiyo akafika mjukuu wangu Jorleen kutoka Los Angeles, ambako ni muuguzi. Alikuja na viatu vya kutembelea na maswali yasiyo na mwisho. Nilidhani atataka majina ya marehemu, kama wanavyotaka wote wanaorudi kutoka kule.

"Majina ninayo, Babu," akasema, hata sanduku hajalifungua. "Najua nani alimzaa nani. Sijui walikuwa wanafanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Wagonjwa wangu nawauliza, mababu zenu walifanya kazi gani, wananieleza mpaka sindano inaisha maumivu. Na wao wakiniuliza mimi, nasema, alikuwa juu ya mti. Basi. Juu ya mti akifanya nini? Akila nini? Babu Absalom aliamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo. Kambi nzima inakoroma, yeye yuko macho."

"Nani alikwambia?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa mzee, amestaafu, na bado anaamka gizani, anachochea moto, anakaa anautazama."

"Anachochea moto," akarudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Na mikono yake ilikuwaje?"

"Laini! Toka kiwiko mpaka vidoleni huoni hata unywele mmoja. Radi ilimpiga akiwa kileleni."

"Radi ikaunguza mikono, ikaacha nywele za kichwani?"

"Alikuwa amevaa kofia."

Akaniomba picha. Tunayo moja tu: Babu amesimama mbele ya ngazi za kanisa, kofia mkononi, na tumbo lake limetangulia mbele kama linataka kupigwa picha peke yake. Jorleen akaisogeza dirishani.

"Tumbo hili lilipanda miti?"

"Picha za zamani zinanenepesha watu."

"Alikuwa anakuangulia nazi ulipokuwa mdogo?"

Hapo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Babu hakupanda mnazi hata siku moja. Alikuwa anakaa chini yake, mbali kidogo, akingoja nazi iamue yenyewe. Akizidiwa na hamu ananituma mimi, naye anashika shina kwa mikono miwili, macho ameyafumba, akipiga kelele, "Shuka, mwanangu, shuka, inatosha!"

"Aliogopa nianguke," nikasema.

"Msaka miti," akasema Jorleen, "aliogopa mnazi."

Kicheko kikatoka nyuma ya uzio. Mkia alikuwa amesimama pale muda wote, akijifanya anakagua migomba yake.

"Endelea, mjukuu wangu, endelea!" akasema. "Miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu mwenye akili azaliwe upande huo wa uzio."

"Wewe Mkia, nenda kachunge."

"Nichunge nini? Mimi naangalia mti unaoangushwa. Leo ni Kilele anayeanguka."

Hapo damu ikanichemka. Nikamwambia mbele ya mjukuu wangu, na mbele ya mkewe aliyekuwa ametoka na ndoo: ikithibitika kuwa babu yangu alikuwa msaka miti, siku ya ufunguzi utanibeba mgongoni, tuuzunguke ukumbi wote, na wewe unalia kama ng'ombe.

"Na isipothibitika?"

"Sema wewe."

Akafikiri. Akamtazama mkewe, akaitazama aproni aliyovaa, ya maua ya manjano. "Utavaa hiyo," akasema, "uoke janikeki za kijiji kizima. Wewe mwenyewe, Lindi. Si mkeo, si dada zako. Na mimi utaniletea mezani."

Watu wote wanajua kuwa sijawahi kupika hata yai. Tukapeana mikono juu ya uzio.

Ushahidi nilikuwa nao, nao ulikuwa juu ya mlango wangu. Ni kulabu ya chuma, urefu wa mkono wa mtu mzima, imepinda nchani kwa namna ya ajabu: inashuka, inageuka, halafu inajikunja tena kidogo pembeni. Babu alinikabidhi kabla hajafa. "Hii ndiyo iliyonilisha," alisema, "itunze." Na mimi nimewaonyesha watu miaka yote: hii ndiyo kulabu aliyopandia miti.

"Alipandaje nayo?" akauliza Jorleen, akiigeuzageuza.

"Anaitupia tawi, inashika, anajivuta."

"Nionyeshe."

Sasa, mtu mwenye umri wangu angesema mgongo unauma. Lakini Mkia alikuwa ameshaleta kiti chake. Nikaenda kwenye mkorosho wa uani, nikaitupa kulabu, ikashika tawi. Nikajivuta. Nikafika juu sana, juu kama mnara wa kanisa la Mtakatifu Yohana, nikaona mto, nikaona na bahari. Ndipo ile ncha iliyojikunja ikateleza, nami nikashuka moja kwa moja mpaka kwenye banda la kuku, nikavunja paa na goti la kulia.

Mkia hakuja kunisaidia. Hakuweza kusimama kwa kucheka.

Jorleen alinifunga goti kwa ustadi, wala hakucheka, ila kwa macho. Alipomaliza akaichukua ile kulabu, akakaa nayo ngazini, akaikwaruza kwa ukucha. Akanusa.

"Babu, utomvu unanukaje?"

"Kama mti."

"Hii inanuka kama jikoni. Nusa mwenyewe. Ni masizi na mafuta. Na angalia hapa kwenye mpindo, pamelika, pameng'aa. Chuma hakiliki hivi kwa kukwaruza gome. Chuma kimelika kwa chuma. Kuna kitu cha chuma kilikuwa kinakaa hapa kila siku, mahali palepale." Akainua kichwa. "Babu Alford, kwenu mmebakiwa na nini cha kambini?"

Mkia akafuta machozi. "Kwetu? Nira iko ukumbini tayari. Kengele ya maksai ninayo. Na lile jungu ambalo kuku wanatagia."

"Jungu gani?"

"Jungu tu. La chuma, la miguu mitatu. Babu alirudi nalo kambi ilipovunjwa. Zito kama dhambi, hakuna aliyewahi kulipikia."

Jorleen alikuwa ameshavuka uzio.

Tulilikuta nyuma ya choo chao, limejaa majani makavu, na kuku mwekundu amelalia mayai ndani, akituangalia kama tumekuja kumdai. Kifuniko kilikuwa kando, kimefunikwa na udongo. Walikuwa wanakinyweshea bata. Jorleen akakisuuza mtoni. Kilikuwa kifuniko kizito cha kuokea, chenye ukingo uliosimama ili makaa yakae juu yasimwagike. Ninyi mnaojua kuoka kwa mkaa mnajua: moto juu, moto chini, raha katikati. Na katikati ya kifuniko kulikuwa na kishikio cha chuma, kidogo, kimekaa upande badala ya kusimama wima.

Aliingiza kulabu. Ile ncha iliyonitupa toka mkoroshoni ikazunguka kishikio, ikajikunja pembeni, ikatulia mahali palipong'aa. Akainua kwa mkono mmoja. Kifuniko kikapanda sawasawa kabisa, kimelala kama maji ya kisima. Ungekiwekea makaa mekundu, lisingeanguka hata jivu moja kwenye mkate.

Hata kuku aliacha mayai, akaja kutazama.

"Lindi," akasema Mkia, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "babu yako alikuwa mpishi."

"Si lazima! Msaka miti naye anakula! Labda alikuwa akifunua chungu mwenyewe akichelewa."

"Akichelewa, na kulabu yake kiunoni."

"Na jambo jingine," nikasema, nikishika unyasi wa mwisho. "Kama alikuwa mpishi, zile hadithi alizitoa wapi? Nilimsikia kwa masikio yangu akisimulia kilele na doa la shaba. Yule mtu alikuwa kule juu. Huwezi kuvumbua vile."

"Hilo ni swali zuri," akasema Jorleen, na macho yake yakang'aa zaidi ya alipoigundua ile kulabu. "Nani mwingine alikuwa hai wakati huo?"

Tukatazamana, Mkia na mimi. Waliojua wote wako makaburini au Los Angeles. Amebaki mmoja tu, Bi Zelpha Slusher, anayeishi peke yake kwenye kona ya mto, na ambaye alishakuwa msichana wa kuposwa mimi nikiwa bado nanyonya. Kila Jumapili mtu humpelekea chakula na kumuuliza miguu inaendeleaje.

Tulimkuta barazani akimenya kunde. Jorleen akamwamkia, akakaa sakafuni karibu naye, kile kifuniko magotini, akachukua fungu la kunde naye akaanza kumenya. Hakuuliza habari za miguu.

"Bi Zelpha, baba yako alifanya kazi gani?"

Mikono ya yule mama ikasimama. Alimtazama Jorleen muda mrefu, kisha akanitazama mimi, na bandeji yangu, na kulabu iliyokuwa mkononi mwa Mkia.

"Umekuja kutoka mbali sana kuuliza hivyo, mwanangu. Hawa wamekaa hapa maisha yao yote, wananiuliza miguu." Akatupa ganda uani. "Baba yangu Nehemiah Slusher alikuwa msaka miti."

Nilihisi ule mkorosho ukiniangusha mara ya pili.

"Na Absalom?" akauliza Jorleen.

"Absalom alikuwa mpishi wao. Mwoga kuliko sungura. Hata maji ya kupikia alikuwa hachoti bila mtu wa kumsindikiza." Akacheka peke yake. "Niambie, Lindi, kwenu janikeki ya kwanza kutoka motoni mnaiweka wapi?"

"Juu ya nguzo ya lango," nikasema. "Ni desturi yetu. Hailiwi. Ni ya Tataduhende, yule kibwengo wa msituni asiye na vidole gumba, ili asiwaibe watoto."

"Nani kakwambia ni ya Tataduhende?"

Nilijiambia mwenyewe, zamani, mtoni, siku ambayo mto ulikuwa umefurika.

"Ilikuwa ya baba yangu," akasema Bi Zelpha. "Msaka miti anatoka peke yake na anarudi saa yoyote, wengine wamelala. Nani atajua kama amerudi? Absalom alikuwa akiiweka janikeki ya kwanza juu ya kisiki, njia inapoingia kambini. Baba akirudi anaila. Asubuhi mpishi akiamka, kabla ya yote anakwenda kuangalia kisiki. Kitupu? Basi, chochea moto, mtu wetu yupo. Ndiyo maana aliamka kabla ya jogoo, mpaka anakufa.

"Siku moja akaikuta. Ina sisimizi. Wenzake wakasema, ngoja kupambazuke vizuri, tukusanye watu. Yeye yule mwoga akabeba kifuniko cha chungu na hiyo kulabu, akaingia msituni peke yake, akikigonga kama kichaa, huku analia. Alikwenda analia na kugonga mpaka jua likawa kichwani. Baba alikuwa amelala chini ya mti, mguu umevunjika. Baadaye alikuwa akisema: nilisikia kengele, nikajua nimekufa na kanisani wananizika, halafu ikanijia harufu ya vitunguu, nikajua niko hai na Absalom anakuja."

Jorleen alikigeuza kifuniko magotini mwake. Upande wa chini kilikuwa kimejaa mabonyeo, makubwa na madogo, yote ya ncha moja. Tulidhani ni bata.

Mkia alivua kofia. Mimi bado nilikuwa na jambo la kuuliza.

"Na zile hadithi, Bi Zelpha? Kilele, doa la shaba?"

"Za baba. Absalom alikuwa akija hapa barazani kila Jumapili wasimuliane. Baba alipokufa, akaendelea kuja, akawa anatusimulia sisi habari za baba. Wewe ulikuwa unaletwa umebebwa begani. Unasinzia, unaamka katikati, unamsikia babu yako anasema, 'akapanda, akaona.' Ukadhani anajisema mwenyewe."

"Na wewe umenisikia miaka yote hii, kivukoni, dukani, kwenye matanga, na hukusema neno!"

"Niseme nini? Kila ulipowavusha watu, baba yangu alivuka pamoja nao. Wageni walikuwa wanateremka ng'ambo wakimzungumza. Sina mtoto wa kumsimulia, wewe ukamsimulia. Ulimpa jina la kwenu tu, na ndevu." Akarudi kwenye kunde zake. "Nikasema, jina atalirudisha siku moja. Yule mtoto ni mwongo, si mwizi."

Tulirudi kwa miguu, mimi nikichechemea. Mkia alikuwa na haki ya kunicheka njia nzima, na hakunicheka mpaka tulipofika kwake. Mlangoni akasema, "Aproni nitaifua," akaingia ndani.

Ubao ule mkubwa nilikuwa nimeshauchonga vizuri, na jina la Absalom lilikuwa limezama sana. Nilipiga randa siku mbili. Nilipochoka, Mkia alivuka uzio akachukua randa bila kuombwa, akaendelea. Tukachonga upya: NEHEMIAH SLUSHER, MSAKA MITI, na mti mmoja mrefu. Ubao wetu sisi ulikuwa mdogo, na juu yake nikachonga duara lenye kishikio, na kulabu kando yake. Jorleen alitaka niandike neno moja tu, "Mpishi". Nikamwambia linatosha.

Siku ya ufunguzi nilivaa maua ya manjano. Nilianza kabla ya jogoo, nje, na lile jungu la miguu mitatu, makaa juu na makaa chini, kijiji chote kikiwa kimenizunguka kutoa ushauri. "Kilele, unga umekwenda puani!" "Usimwite Kilele, mwite Kifuniko!" Na hilo ndilo jina langu hadi leo, na alilianzisha mke wa Mkia. Yeye Mkia alikaa meza ya mbele, kitambaa shingoni, akigonga sahani kwa kijiko na kulia kama maksai kila nilipochelewa.

Ile janikeki ya kwanza niliiweka juu ya nguzo ya lango la ukumbi, chini ya ubao wa Nehemiah. Watoto waliambiwa wasiiguse. Ilikaa pale wakati wa sala na hotuba. Ngoma ilipoanza, nikamwona Bi Zelpha anainuka kitini, anakwenda na fimbo yake mpaka kwenye nguzo. Akaichukua. Akaivunja, akala nusu akiwa amesimama, bila haraka, akiutazama ule ubao. Kisha akapita mbele yangu penye makaa akiwa na makombo kidevuni.

"Amerudi," akaniambia. "Chochea moto."

Hapo ndipo nilipotaka kumalizia. Nilikuwa nimeandika pia, kwa usahihi kamili, jinsi janikeki zangu zilivyotoka nyepesi siku ile hata ikabidi tuzifunge kwa kamba kwenye meza zisipeperuke, na jinsi mgeni mmoja kutoka mji mkuu, Belmopan, alivyolia kwa utamu. Lakini nilikuwa nimempa Jorleen, aliyerudi tena mwaka huu, aninakilie maandishi haya, naye yuko hapa barazani anasoma kwa sauti, na nyuma ya uzio migomba imetulia mno.

"Babu. Nyepesi?"

"Za baadaye."

"Zile za kwanza mbwa wa Babu Alford alizifukia. Nilimwona."

"Yule mbwa anapenda kuweka akiba."

"Na hapa. 'Juu kama mnara wa kanisa, nikaona na bahari.' Babu, uliteleza miguu haijafika hata usawa wa kiti. Kidole chako kimoja kilikuwa bado kinagusa ardhi."

"Kilikuwa kirefu."

"Na mwanzo hapa umeapa."

Migomba ikatikisika. Uso wa Mkia ukachomoza juu ya uzio, mpole kama wa ndama.

"Jumamosi ni lini, mjukuu wangu?" akauliza.

"Kesho, Babu Alford."

"Nitakuja na kiti changu mwenyewe," akasema. "Cha gavana. Na Bi Zelpha nitamleta. Kifuniko, nazi unazo?"

Sina. Na mnazi uliobaki uani ni mrefu, goti la kulia halijapona, na mtu wa kumtuma sina. Nimekaa chini yake toka mchana, mbali kidogo, nikingoja nazi iamue yenyewe.